Njaa ya Machi: vikundi vya vijana Moshi vinaweza kuziba pengo gani?

Mwezi wa tatu, mahindi Moshi hayakosekani. Yapo soko la Mbuyuni, yapo soko la Kiboriloni, na pale Himo malori yanashusha na kupakia kama kawaida. Kinachokosekana ni hela ya kuyanunua kwa bei ya mwezi wa tatu. Familia iliyovuna tambarare mwezi wa nane na kuuza magunia yake palepale shambani, ili ilipe deni la mbolea na matibabu ya bibi, sasa inarudi sokoni kununua mahindi kwa kilo mbilimbili. Bei imepanda, na anayenunua kidogo kidogo siku zote hulipa zaidi kuliko anayechukua gunia zima.

Hapo ndipo penye fundo. Kila mwaka kuna vijana wanaokaa chini, wanaunda kikundi, wanaandika katiba na kuchagua mwenyekiti na mweka hazina, kwa nia njema kabisa ya kupambana na njaa mtaani kwao. Wazo la kwanza linalowajia karibu kila mara ni kulima. Kulima ni kwema, ila njaa ya Moshi kwa sehemu kubwa haisababishwi na uhaba wa wakulima. Inasababishwa na muda, bei, ardhi na kile kinachoingia kwenye sahani. Kikundi kikijua kinashughulika na lipi kati ya hayo, kina nafasi ya kufanya jambo linaloonekana. Kisipojua, kitamaliza nguvu zake mahali pasipo na pengo.

Chakula kuwepo, na watu kukifikia

Mkutano wa kilele wa chakula duniani uliofanyika Roma mwaka 1996 ulikubaliana kwamba watu wana uhakika wa chakula pale ambapo wote, wakati wote, wanaweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Wataalamu huligawa jambo hilo katika nguzo nne: chakula kiwepo, watu waweze kukifikia, mwili uweze kukitumia, na hali hiyo isiyumbe mwaka mzima.

Zipitishe nguzo hizo Moshi uone. Mlimani kuna ndizi, magimbi, viazi vikuu na maharage. Tambarare kuna mahindi na alizeti. Mabogini na Chekereni kuna mpunga wa skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Mwaka wa mvua nzuri, nguzo ya kwanza imesimama imara. Ya pili ndiyo inayolegea: mama anayefua nguo za watu Pasua, au kijana anayebeba mizigo sokoni, anakula kulingana na alichopata siku hiyo. Asipopata, chakula kilichojaa sokoni hakimhusu.

Nguzo ya tatu huwa haionekani kwa macho. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Miaka ya 2015 na 2016 walikuwa asilimia 34, kwa hiyo tumesogea, ila bado ni watoto watatu katika kila kumi. Mtoto anaweza kushiba ndizi kila siku na bado akadumaa, kwa sababu ndizi ina wanga mwingi na protini kidogo sana. Mtori wenye nyama na maziwa unajenga mwili. Mtori wa ndizi na maji, ambao ndio unaopikwa hela zikikata, unajaza tumbo tu.

Na nguzo ya nne, ya kutoyumba, ndiyo inayozaa njaa ya Machi. Nitairudia kwa urefu, maana naamini ndipo vijana wanapoweza kufanya kazi kubwa kwa mtaji mdogo.

Ardhi ya kihamba, na kijana asiye nayo

Mtu asiyeijua Kilimanjaro hushangaa kusikia kwamba mlima wa kijani namna ile una watu wanaokosa chakula. Kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ni moja ya mifumo ya kilimo yenye akili nyingi katika nchi hii: mringaringa na miti mingine mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na mboga chini kabisa, ng'ombe zizini anayelishwa majani ya migomba na kurudisha samadi, na mfongo, yaani mfereji wa asili, unaoleta maji kutoka msituni kwa zamu. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Lakini kihamba hakiongezeki. Baba aligawa kwa wanawe, wanawe wakagawa kwa wana wao, na leo zipo familia ambazo kila mmoja amebaki na kipande kisichofika hata nusu eka. Kahawa, iliyokuwa ikisomesha watoto na kununua mahindi ya kujazia, ilipoteza thamani yake baada ya makubaliano ya kimataifa ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, na wengi waliing'oa au kuiacha izeeke. Binti, kwa mila, hakuwa na fungu katika kihamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, lakini vikao vya ukoo bado vinakwenda polepole.

Matokeo yake, kijana wa miaka 24 anayetaka kulima anaanza kwa kuomba. Anaomba baba amwachie kona, anaomba eneo la shule au la kanisa, au anakodi tambarare. Hapa vikundi vingi vinaumia. Wanakubaliana kwa mdomo na mwenye shamba, wanang'oa visiki, wanamwaga samadi, wanachimba mtaro, na msimu wa pili mwenye shamba, akishaona udongo umepona, analitaka shamba lake. Kikundi chochote kinachokodi ardhi kingeanza na karatasi: mkataba wa misimu mitatu au zaidi, majina ya pande zote, mipaka, kodi, na saini mbele ya mtendaji wa kijiji. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji ujasiri wa kumwambia mzee, kwa heshima yote, "Baba, tunaomba tuandikishane."

Kalenda ya njaa

Sasa turudi kwenye muda. Masika inanyesha kuanzia Machi hadi Mei. Mahindi ya tambarare yanapandwa mvua ikianza na kuvunwa Julai na Agosti. Miezi hiyo kila mtu anauza kwa wakati mmoja, na bei inashuka. Dalali anakuja na gunia la lumbesa, lile linaloshonwa na kilemba juu, na mkulima anauza kilo mia na zaidi kwa bei ya mia. Lumbesa imekatazwa, Wakala wa Vipimo wanaipiga vita, na bado ipo kwa sababu mkulima mwenye deni hana nguvu ya kukataa.

Kisha inakuja Desemba. Ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, barabara za Marangu, Machame, Kibosho na Rombo zinajaa magari, mbuzi wanachinjwa, hela inazunguka. Wanapoondoka wanaacha kitu kidogo kwa wazee. Januari shule zinafunguliwa: sare, madaftari, viatu, michango. Kufikia mwisho wa Februari, ghala la nyumbani lina vumbi na mfuko hauna kitu, na huo ndio wakati wa kuandaa shamba, kazi inayotaka mtu aliyeshiba. Mtu mwenye njaa huenda kulima kibarua kwa jirani ili apate cha kula leo, na shamba lake mwenyewe linachelewa kupandwa. Akichelewa kupanda, anavuna kidogo. Ndivyo mwaka mmoja unavyouharibu unaofuata.

Kikundi cha vijana kikinunua mahindi Agosti, kikayatunza vizuri, na kuyatoa Machi kwa bei ya haki kwa watu wa mtaa wake, kinagusa nguzo ya pili na ya nne kwa pamoja, bila kumiliki hata robo eka.

Tuchukulie mfano wa hesabu. Vijana 15, kila mmoja anaweka shilingi 5,000 kwa wiki kuanzia Machi. Baada ya wiki 20 wana shilingi 1,500,000. Tuseme Agosti gunia la kilo mia ni shilingi 60,000, na mfuko wa kuhifadhia ni 5,000. Wanapata magunia 23. Tuseme tena Machi sokoni gunia limefika 100,000. Wakiwauzia majirani kwa 80,000, tena kwa debe au kwa kilo bila kuongeza bei, wanakusanya 1,840,000. Jirani ameokoa shilingi 20,000 kwa kila gunia, na kikundi, kabla ya kutoa gharama ya hamali na usafiri, kimebaki na 345,000 juu ya mtaji wake. Hizo bei ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke bei za soko lake, lakini hesabu yenyewe ndiyo hiyo.

Hatari zipo na lazima zisemwe. Bei ya mahindi ya Kilimanjaro inasikiliza mipaka ya Holili na Tarakea. Machi 2021, Kenya iliposimamisha kwa muda uingizaji wa mahindi ya Tanzania kwa hofu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, waliokuwa wameshikilia mzigo wakisubiri bei ya kule walijikuta pabaya. Serikali nayo ikifungua maghala ya NFRA, wakala wake wa hifadhi ya chakula, na kuuza kwa bei nafuu, mlaji anapumua na mwenye stoo anapata hasara. Kwa hiyo kikundi kisiweke mtaji wote kwenye mahindi. Theluthi moja ikiwa kwenye maharage, mzigo unakuwa salama zaidi, na kwa lishe pia ni bora.

Chupa, chumvi na mfuko

Kinachoua stoo za vikundi zaidi ya bei ni unyevu na wadudu. Dumuzi, ambaye wakulima wengi wanamwita Scania, aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na gunia alilolivamia hubaki unga ndani ya miezi michache. Unyevu ni mbaya kuliko dumuzi, kwa sababu unaleta ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu ambayo hata kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kijana anayeweka mahindi ya watu stoo anashika maisha yao mkononi.

Kipimo cha unyevu cha kisasa ni ghali, lakini ipo njia ya chupa. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia mahindi hadi theluthi moja, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu ya mezani. Unafunga, unatikisa dakika chache, kisha unaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu unaozidi takribani asilimia 15, na yanarudi kwenye turubai juani. Chumvi isiponata, yamekaribia. Yape siku nyingine moja ya jua kali, maana kwa kuhifadhi muda mrefu unataka asilimia 13 hivi. Yaanikwe juu ya turubai kila siku. Mahindi yaliyoanikwa kwenye ardhi tupu yanaokota ukungu kutoka kwenye udongo.

Halafu mfuko. Ile mifuko isiyopitisha hewa ina tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba cha kawaida nje. Kabla ya kutia mahindi, kila mfuko wa ndani unajazwa hewa na kubanwa mdomo ili kusikiliza kama unavuja. Mahindi yanaingia, yanashindiliwa, hewa inakamuliwa, kisha kila tabaka linasokotwa, linakunjwa na kufungwa peke yake kwa kamba. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa wenyewe na kufa, na hakuna dawa inayohitajika. Magunia yanapangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wanadhibitiwa, kwa sababu tundu moja la panya linarudisha hewa yote. Na mfuko usifunguliwe kila wiki kuangalia! Hilo ndilo gumu kwa vijana wenye hamu ya kuona mzigo wao.

Sufuria la makande

Eneo la pili ambalo vijana wanaweza kulishika ni chakula cha shule. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wazazi wengi walielewa kwamba hakuna tena mchango wowote, na sufuria za makande zikapoa katika shule kadhaa. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 kuhusu chakula na lishe kwa wanafunzi unategemea wazazi na jamii wachangie kwa kukubaliana. Anayeumia ni mtoto ambaye mzazi wake hana: wenzake wanapanga foleni na bakuli, yeye anatoka nje kucheza.

Vijana hawawezi kubeba mzigo wa shule nzima. Wanaweza kuziba tundu hilohilo la watoto wasiochangiwa, kwa makubaliano na kamati ya shule, na bila majina ya watoto kutangazwa mstarini. Gunia moja la mahindi, likiwekwa gramu mia kwa kila mtoto, ni sahani elfu moja za makande kabla ya kuongeza maharage. Wanaweza pia kujenga jiko banifu la tofali na udongo, kwa sababu makande yanakula kuni nyingi, na kuloweka mahindi na maharage usiku kucha kunapunguza kuni na muda wa kupika. Kazi kama hiyo haina sherehe ya uzinduzi, lakini mtoto anakula Jumatatu hadi Ijumaa.

Bustani za viroba, kwa kipimo chake

Bustani ya kiroba inapendwa sana, na inastahili, mradi isibebeshwe mzigo usio wake. Unatafuta kiroba cha kilo hamsini, unachanganya udongo na samadi iliyooza, unaweka kopo lisilo na kitako katikati na kulijaza kokoto, unajaza udongo pembeni, unavuta kopo juu, unarudia hadi kiroba kijae. Nguzo ya kokoto katikati ndiyo njia ya maji. Pembeni unatoboa matundu na kupanda sukuma, mnafu au mchicha, miche zaidi ya ishirini kwenye nafasi ya kiti kimoja. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanatosha, yasiwe na sabuni.

Mchicha unavunwa ndani ya mwezi, na familia ya Njoro au Majengo isiyo na kiwanja inaacha kununua fungu la mboga kila jioni. Mnafu na mchicha vina madini ya chuma na vitamini ambavyo ugali hauna. Bahati yetu ni kwamba jirani tu, kule Arusha, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimefanya kazi ya mbegu za mboga zetu za asili tangu miaka ya 1990, na TARI Tengeru, kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wapo hapohapo kwa ushauri. Ila mboga hazishibishi. Mtaa wenye viroba mia moja na usio na unga bado una njaa, na kikundi kinachoandika kwenye andiko lake la mradi kwamba viroba vitaondoa njaa kinajidanganya na kumdanganya mfadhili.

Kukusanya mabaki mazuri sokoni jioni, zile nyanya na ndizi zilizoiva kupita kiasi, kunafaa pia, hasa kwa vituo vya watoto na wazee. Kunahitaji watu wanaokuja kila siku bila kukosa, na ndiyo maana wengi huanza kwa kishindo na kuishia njiani.

Fedha, na kwa nini vikundi vinakufa

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, na ikarudishwa mwaka 2024. Njia inaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata: usajili, katiba, akaunti ya benki, andiko la mradi. Ushauri wangu kwa wanaoomba ni kulinganisha mkopo na kalenda. Mkopo wa kununua mahindi ukitoka Desemba umekuja wakati bei imeshapanda, na marejesho yataanza kabla hamjauza. Andikeni kwenye andiko lenyewe mwezi mnaohitaji fedha na mwezi mtakaoanza kurejesha, na sababu yake.

Hata hivyo naona heri kikundi kianze kwa akiba yake. Vikundi vinavyoundwa kwa ajili ya mkopo huvunjika mkopo ukishagawanwa. Vikundi vinavyoanza na shilingi elfu tano za kila wiki, kwa daftari linalosomwa mbele ya wote, vinajua tayari nani mwaminifu na nani mtoro.

Na kuna jambo ambalo wafadhili na viongozi wetu hawapendi kulisikia: kijana naye ana njaa. Anatakiwa kulipa chumba na kutuma hela nyumbani. Mradi unaomtaka ajitolee kila siku bila posho, halafu apongezwe kwenye kikao, utampoteza siku atakapopata kibarua cha bodaboda. Ile faida ya 345,000 kwenye mfano wetu isionewe aibu. Sehemu ya mlinzi wa stoo na mshika daftari iandikwe tangu mwanzo, ilipwe, na majirani waijue.

Kujua kama kweli njaa imepungua

Ripoti nyingi huhesabu viroba vilivyogawiwa na semina zilizofanyika. FAO wanatumia maswali manane ambayo kikundi chochote kinaweza kuyauliza nyumba kwa nyumba. Yanahusu kipindi kilichopita, kwa mfano siku 30, na yote yanataja kukosa hela au uwezo. Yanaanza na hofu ya kukosa chakula, yanapita kwenye kula aina chache tu, kuruka mlo, kula kidogo kuliko inavyofaa, chakula kuisha nyumbani, na yanaishia kwenye kushinda siku nzima bila kula.

Ulizeni nyumba zilezile mwezi wa nane, kisha mwezi wa tatu. Kipimo cha mwezi wa nane peke yake kitaonyesha kila mtu ameshiba. Anayeuliza awe mtu asiyewadai waulizwaji wala kuwauzia, kwa sababu mama hatamwambia muuza mahindi kwamba jana watoto walilala bila kula. Majina yabaki kwenye daftari moja linalofungiwa. Na mzunguko wa kwanza wa maswali ufanyike kabla kikundi hakijanunua hata gunia moja, la sivyo hakutakuwa na cha kulinganisha nacho.